Pembetatu ya Buluu: Fani na Maudhui katika Mfuko wa Saruji

Wahakiki wa Kiswahili tumezoea kuketi na riwaya, tamthilia, hadithi fupi na diwani za ushairi. Makala haya yanadhamiria kuhakiki kitu ambacho huenda wasomaji wetu wakashangaa kukikuta katika kurasa hizi, yaani kijitabu cha picha na maelezo kilichotungwa na mwanafunzi wa usanifu wa michoro kama kazi yake ya kumalizia masomo. Kijitabu hicho kinapendekeza sura mpya ya kampuni ya East African Portland Cement, ambayo kiwanda chake kipo Athi River katika Kaunti ya Machakos: nembo mpya, rangi mpya, umbo jipya la herufi, mavazi ya madereva, ubao wa langoni, na hatimaye mfuko mpya wa kilo 50. Kampuni haikumwagiza kazi hiyo wala haina habari nayo. Ni zoezi la darasani, la namna ambayo wanafunzi wa usanifu hupewa katika nchi nyingi: chagua kampuni kubwa ya viwanda, uivue nguo zake kuukuu, uivike mpya.

Kazi hiyo ilitufikia kwa njia ya ajabu kidogo. Mwanafunzi mwenyewe, binti wa Wamunyu anayesoma Nairobi, alikuja idarani kutaka tumsahihishie neno moja. "Mwalimu," alisema, "kila kitu kimekwisha. Limebaki hili neno 'Jenga' tu. Naomba uniambie kama ni Kiswahili sanifu." Nilimjibu kwamba ni sanifu. Kisha nikakifungua kijitabu ili nione maneno mengine ya Kiswahili yaliyokuwamo, nikakuta hakuna. Kurasa zaidi ya 60 zilikuwa za Kiingereza, na katikati yake limesimama hilo 'Jenga', kwa herufi nene za buluu, mithili ya ua lililochomekwa kwenye koti la mgeni wa heshima.

Hilo ndilo shtaka langu kuu, nami nalitamka mapema ili msomaji asidhani kwamba nitalificha nyuma ya sifa. Lakini sifa zipo, na ni haki zitangulie.

Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1933, wakati saruji iliyotumika katika makoloni haya ilikuwa bado ikiletwa kwa meli. Kiwanda cha Athi River kilianza kazi mwaka 1958. Jina lake lina maneno matatu ya Kiingereza, na kila neno lina historia yake. 'East African' lilitungwa wakati Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilikuwa chini ya bendera moja ya kigeni, na mfanyabiashara wa Nairobi aliweza kuzitazama nchi zote nne kama soko lake moja. Tororo ilipata kiwanda chake katika miaka ya 1950; Wazo Hill, Dar es Salaam, ilipata chake mwaka 1966; Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977 na kuundwa upya kwa mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1999. Katika misukosuko hiyo yote jina la kampuni halikubadilika. Ama 'Portland' ni jina la kisiwa huko kusini mwa Uingereza, kisiwa ambacho hakijawahi kutoa saruji iliyojenga hata choo kimoja cha Ukambani. Joseph Aspdin, fundi mwashi wa mji wa Leeds, alipojipatia hati ya uvumbuzi wake mwaka 1824, aliuita unga wake kwa jina la kisiwa hicho kwa sababu, ukishakauka, ulifanana na jiwe la Portland lililosifika kwa majumba ya fahari. Yaani tangu siku yake ya kwanza jina la bidhaa hii lilikuwa tangazo la biashara. Fundi aliazima heshima ya jiwe ili auze unga.

Mwanafunzi wetu anaijua habari hii yote, na ameieleza vizuri kuliko vitabu vingi nilivyovisoma. Anajua pia kwamba wazo la kuivika kampuni nzima vazi moja, kuanzia taa hadi barua, lilipata sura yake kamili mjini Berlin mwaka 1907, Peter Behrens alipoajiriwa na kampuni ya umeme ya AEG. Kubwa zaidi, amekataa mtego ambao mimi nilimngojea aingie. Hakuchora kiondo. Katika miaka ya karibuni imekuwa kama sheria kwamba msanii wa michoro akitaka kuonyesha Uafrika wa benki, wa hoteli au wa kampuni ya simu, atachukua mistari ya kiondo, aipange pembeni mwa karatasi, na kuona kwamba amemaliza kazi. Binti huyu ambaye kwao viondo vinasukwa kweli hakuona haja ya kuvitumia kama kitambulisho. Vilevile hakuchora mnyama. Nilipomwuliza kwa nini, alijibu kwa sentensi moja: "Kwetu tumechonga twiga wa kutosha."

Jibu hilo lina uzito kuliko anavyodhani mwenyewe. Wamunyu ni chimbuko la uchongaji wa biashara katika Ukambani. Inakubaliwa kwa jumla kwamba ulianzishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza sanaa hiyo kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nayo nyumbani. Tangu hapo twiga, tembo, vifaru na simba wa mti wametoka Wamunyu kwa maelfu kwenda kwenye maduka ya watalii. Sasa tazama barabara ya Mombasa inapopita Athi River na malori ya saruji yaliyojipanga kandokando yake. Humo zimo Simba ya National Cement na Tembo ya Bamburi. Ilikuwamo pia Rhino ya ARM, kampuni iliyoanzia Athi River mwaka 1974 na kuwekwa chini ya wasimamizi wa madeni mwaka 2018. Ukivuka mpaka utakutana na Twiga ya Wazo Hill, Simba nyingine ya Tanga, na Tembo nyingine ya Mbeya. Mbuga nzima ya wanyama imetiwa katika mifuko. Mtalii na mwashi wameuziwa wanyama walewale, mmoja kwa mti na mwingine kwa unga.

Hata hivyo, hapa ndipo ninapoanza kutofautiana na mwanafunzi. Yeye ameziona hizo Simba na Tembo kama picha, na kama picha ana haki ya kuzichoka. Mimi naomba tuzitazame kama maneno.

Asubuhi moja niliketi kwenye benchi la duka la vifaa vya ujenzi mjini Machakos, nikawasikiliza wanunuzi. Mmoja alisema, "Nipakilie Simba tano." Mwingine aliambiwa, "Nyumba zimeisha, chukua Nguvu." Nyumba ni saruji ya Mombasa Cement, na Nguvu ni ya Bamburi, wala hapana mtu aliyecheka kusikia kwamba nyumba zimeisha. Mwenye duka alikuwa mtu wa kusema kwa uangalifu. Mbwa alipopita mlangoni alisema, "Mbwa huyu ameingia tena." Dakika chache baadaye, akizungumza na dereva, alisema, "Tembo imeingia jana usiku." Mbwa ameingia, Tembo imeingia. Wataalamu wa sarufi wataniambia kwamba wasemaji wengi wa bara hawauzingatii upatanisho huo, na kwamba huku kwetu hata ng'ombe aliye hai huweza 'kuingia' kwa kiambishi cha I. Ni kweli. Lakini msemaji huyu aliuzingatia, tena bila kufikiri, na katika ulimi wake mnyama alikuwa ameshahama kutoka ngeli ya A-WA na kuwa bidhaa katika ngeli ya I-ZI. Sarufi ilikuwa imekamilisha kazi ambayo mchoraji wa picha ya tembo aliianza tu. Jina la biashara likifika hapo halihitaji tena nembo. Limekwisha kuwa neno la Kiswahili lenye maana yake, upatanisho wake na mizaha yake. (Mizaha haikosekani. Kwa watu wa pwani tembo ni ulevi wa mnazi na mnyama ni ndovu, kwa hiyo mwashi wa Mombasa anayejengea Tembo ana lake la kujitetea kwa mkewe.)

Tukiyachunguza majina hayo kwa makini tutaona kwamba hayafanyi kazi moja. Simba na Tembo ni sitiari za nguvu, na kwa kweli ni sitiari zilizochakaa. Nguvu inaacha sitiari na kuitaja sifa yenyewe. Nyumba ni jina la werevu zaidi, kwa sababu halisemi lolote juu ya unga uliomo mfukoni. Linamwuzia mnunuzi kile anachokitamani, naye anaondoka na mfuko begani akiwa ameshaambiwa kwamba amebeba nyumba. Bamburi pia imewahi kuuza saruji ya kupigia lipu na kujengea kuta kwa jina la Fundi, na hilo linafanya jambo ambalo mengine hayafanyi: linamtaja msomaji wake. Katika lugha ya kihakiki tungesema kwamba hapa mwandishi amemwelekea hadhira yake uso kwa uso.

Pembetatu ya buluu je? Saruji ya kampuni tunayoizungumzia huuzwa kwa jina la Blue Triangle. Jina hili halitaji mnyama, wala sifa, wala nyumba, wala fundi. Linaitaja nembo yenyewe. Ni vigumu kutoiona kama ndugu ya lile duara la buluu la kampuni kubwa ya saruji ya Uingereza, Blue Circle, iliyonunuliwa na Lafarge ya Ufaransa mwaka 2001. Mna jambo la kupendeza katika ukavu wa jina hilo. Alama ya jiometri haihitaji mtu ajue kusoma. Mzee asiyejua hata herufi moja anaweza kuionyesha kwa kidole dukani. Na papo hapo mna kinyume chake, kwa kuwa jina linaloandamana na alama hiyo limesemwa kwa lugha ambayo mzee huyohuyo huenda haijui. Jicho limekaribishwa na sikio limefungiwa mlango. Watu wa mwaka 1933 hawakuona kasoro yoyote hapo, kwani mnunuzi waliyemfikiria hakuwa fundi wa Masaku bali mhandisi wa serikali ya kikoloni na mkandarasi wa mjini. Fani ilitokana na maudhui, na maudhui yalitokana na uhusiano wa watu.

Tukisema Masaku tunataja ndwele hiyohiyo. Mji wa Machakos umepewa jina la Masaku, mkuu na mtabiri wa Wakamba, kama lilivyosikiwa na sikio la Mwingereza na kuandikwa na kalamu yake. Wenyeji wangali wanasema Masaku. Vibao vinasema Machakos. Na katika kaunti hiyohiyo upo mji wa Mlolongo, ambao inasemekana ulipata jina kutokana na mlolongo wa malori yaliyosubiri kupimwa uzito barabarani. Hakuna mtaalamu aliyelipwa kubuni jina hilo. Lilitungwa na watu kwa kuona, likakubaliwa kwa kutumiwa, na limedumu. Mwanafunzi wetu hupita Mlolongo kila anapokwenda chuoni. Baba yake anafanya kazi ya uashi huko. Na bado kijitabu chake kinapendekeza kwamba jina la kampuni lifupishwe liwe herufi nne tu, zilizoinamishwa kidogo ili ziashirie mwendo. Nilijaribu kuzitamka kama zitakavyotamkwa dukani: "Nipe i-e-pi-si mbili." Hapana upatanisho utakaoziokoa herufi hizo. Tangu lini fundi akaomba herufi?

Watu wa pwani walilijua zamani jambo ambalo shule za usanifu zinaelekea kulisahau. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina. Pindo likiwa zuri na mji ukiwa mzuri lakini jina likawa baya, leso hiyo itakaa dukani ipate vumbi. Wanawake huisoma kwanza, ndipo waipimie rangi. Nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak mjini Mombasa, iliyoanza mwaka 1887, imeweka kwenye leso zake alama ya 'Mali ya Abdulla', na alama hiyo ni maneno matatu ya Kiswahili sahili. Hakuna duara wala pembetatu iliyoweza kuishinda. Ninautaja mfano huu kwa sababu katika leso fani na maudhui havitenganishwi hata mara moja: mchoraji hawezi kusema kwamba yeye amemaliza kazi yake na sasa anamngoja mtu wa maneno aje ajaze nafasi. Lakini katika kijitabu tunachokihakiki maneno yamekuja mwisho, kama mgeni aliyechelewa, na ndiyo maana lilikuja neno moja tu.

Sasa tuitazame nembo mpya yenyewe. Mwanafunzi ameihifadhi pembetatu, na kwa hilo nampongeza. Alikuwa na busara ya kutambua kwamba alama iliyokaa machoni pa watu kwa muda mrefu ni mali ya watu hao pia. Lakini ameufungua upande wa chini, na pande mbili zilizobaki amezinenepesha zikawa paa. Chini ya paa hilo ndipo limekaa neno 'Jenga'. Maelezo yake yanasema kwamba kampuni ni paa linalomfunika kila mwananchi. Kwa upande wa fani ni mchoro safi: unasomeka ukiwa mdogo kama kifungo cha shati na ukiwa mkubwa kama ubavu wa lori, na unachapika kwa rangi moja. Mtahini wake atauona kuwa kazi ya kiwango cha juu, wala hatakosea.

Kwa upande wa maudhui, hata hivyo, paa hilo haliwezi kusimama mahali lilipowekwa. Mnamo Oktoba 2023, baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi iliyogombaniwa huko Mavoko ni mali ya kampuni hii, nyumba nyingi zilizokuwa zimejengwa juu yake zilibomolewa. Wakazi wengi walisema kwamba walikuwa wamenunua viwanja vyao kwa pesa. Mahakama ilitambua haki ya kampuni. Si kazi ya mhakiki wa lugha kuamua kesi iliyokwisha kuamuliwa, wala simnyooshei mtu kidole hapa. Nasema tu kwamba katika Mavoko ya leo, umbo la paa lililobandikwa kwenye mali ya kampuni hiyo lina maana ambayo mchoraji hakuikusudia na hawezi kuifuta. Mtu aliyesimama kando ya kifusi akilitazama lori linapita na picha ya paa ubavuni hataisoma kama sitiari ya ulinzi. Atasoma kejeli. Pembetatu ya zamani, kwa ukavu wake wote, haikumwahidi mtu kitu.

Nilipomwambia mwanafunzi hayo alinyamaza kwa muda. Kisha akasema kwamba habari za ubomozi alizijua, alikuwa amezisoma, lakini alifundishwa kwamba kazi ya sura mpya ni kuwasaidia watu wasahau yaliyopita. Siwezi kumlaumu yeye peke yake kwa maneno hayo. Nadharia ya kwamba fani inaweza kusafisha maudhui imepata wafuasi hata katika idara za fasihi. Lakini kama tunakataa mwandishi wa riwaya atumie lugha tamu kuufunika uhusiano mchungu, kwa nini tumkubalie mchoraji?

Niligeuza mfuko. Nasema 'niligeuza' kwa maana halisi, kwa kuwa alikuwa amechapa mfano kamili wa karatasi, wenye ukubwa wa mfuko wa dukani, akaujaza magazeti yaliyokunjwa ili usimame. Mbele palikuwa na paa na 'Jenga'. Nyuma palikuwa na safu mbili za maandishi yaliyopangwa kwa unadhifu mkubwa. Nikavaa miwani. Yalikuwa yale maneno ya Kilatini yaliyovurugwa, yasiyo na maana yoyote, ambayo wasanifu na wachapaji hushikia nafasi mpaka maneno ya kweli yapatikane. Mfuko ulikuwa umekamilika, umepewa alama nzuri na walimu wake katika tathmini ya awali, na upande ambao fundi huusoma haukuwa na kitu ila kelele za Kilatini.

Hapa naomba msomaji anivumilie niingie katika mambo ya uashi, maana bila hayo uzito wa jambo hauonekani. Saruji inayouzwa madukani kwetu si ya aina moja. Kwenye mfuko huandikwa 32.5 au 42.5, na tarakimu hizo ni kipimo cha nguvu ambayo saruji inapaswa kuifikia baada ya siku 28. Ile ya 32.5 inafaa kujengea mawe ya ukuta na kupigia lipu. Kwa nguzo, mihimili na sakafu za ghorofa wahandisi hutaka ya 42.5. Mtu akibadilisha moja kwa nyingine, au akatia maji mengi kupita kiasi ili mchanganyiko umwagike kwa wepesi, jengo halitalalamika siku hiyo. Litapakwa rangi na kupangishwa. Kiwango cha mchanganyiko, muda wa kumwagilia maji zege lililomwagwa, namna ya kuuweka mfuko mbali na unyevu, tahadhari ya kutoacha unga ukae kwenye ngozi na macho: haya ndiyo maudhui ya mfuko wa saruji. Ni maandishi ambayo kutosomeka kwake kunaweza kumwua mtu asiyehusika hata kidogo, mpangaji wa ghorofa ya tatu aliyelala.

Nani anayeyasoma? Si mhandisi, yeye amekwisha kuyasoma chuoni. Ni fundi na mtu wa mkono, yule kijana anayebeba mifuko, kuchota maji na kugeuza mchanganyiko kwa sepeto. Lugha yao ya kazini, tangu Mlolongo hadi Kisumu, ni Kiswahili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi, katika kifungu cha 7. Na katika kifungu cha 46 inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike nayo kikamilifu. Sijui ni kwa mantiki gani habari aliyopewa mtu kwa lugha asiyoimudu itahesabiwa kuwa amepewa.

Na tukiwa wakweli, aibu hii haimwangukii mwanafunzi peke yake. Alipomaliza masomo yake yote ya usanifu hakuna aliyemwuliza maandishi ya nyuma yatasemaje. Lakini vilevile hakuna mwanafunzi wa idara zetu aliyewahi kutumwa kuyaandika. Tunawafundisha vijana kuchambua taswira katika shairi la karne ya 19, na ni vema tufanye hivyo. Tunawaacha waipite mifuko, mabati, vibandiko vya dawa za mimea na vibao vya hatari bila kuvitupia jicho, ilhali kwa wananchi wengi hayo ndiyo maandishi wanayoyakuta kila siku. Hata juu ya jina la bidhaa yenyewe hatujakubaliana. Tanzania imeshikilia 'saruji', neno lililotufikia kutoka Uajemi, ambako liliitwa hivyo chokaa ya kujengea iliyotumika karne nyingi kabla ya Aspdin kuzaliwa. Kenya fundi anasema 'simiti'. Mimi katika makala haya nimeandika 'saruji' kwa sababu jarida hili lina wasomaji wa pande zote, lakini kwenye mfuko wa Athi River ningeandika 'simiti' bila kusita. Neno la kitaaluma lisilomfikia mtumiaji limefanana mno na Kilatini cha mwanafunzi wetu.

Nilimrudishia kijitabu chake bila alama yoyote, kwa kuwa si kazi yangu kumpa alama, nikamwomba ampelekee baba yake ule mfuko wa karatasi kabla ya kuupeleka kwa watahini. Alirudi baada ya wiki mbili. Paa alikuwa ameliondoa, pembetatu imefungwa tena chini. Herufi nne zilizoinama zilikuwa bado zipo. Hapo hakuniridhia, na alikuwa na hoja zake kuhusu skrini ndogo za simu ambazo sikuweza kuzijibu. Neno 'Jenga' lilikuwa limehama kutoka mbele.

Alichokuwa ameleta ni upande wa nyuma. Baba yake, alisema, aliupokea mfuko, hakuutazama mbele hata kidogo, akaugeuza na kuuliza, "Hapa pameandikwa nini?" Alipoambiwa kwamba hapajaandikwa kitu bado, alivuta kigoda, akamwambia binti yake achukue kalamu. Mistari ya kwanza ya maandishi hayo ilisema: karai moja ya simiti, mbili za mchanga, nne za kokoto. Chini yake: mchanga wa mtoni uchekechwe kwanza. Chini yake tena: maji yasizidi, mchanganyiko ukishikwa mkononi usitiririke. Kisha mistari miwili kuhusu mfuko uliolowa, kwamba simiti iliyoshika mabonge irudishwe dukani, isipondwe na kutumiwa.

Alitaka tumhakikishie Kiswahili chake. Wenzangu watatu idarani tuliketi na ukurasa huo alasiri nzima, muda mrefu kuliko tuliowahi kulipa shairi lolote muhula huo. Mmoja alitaka 'uwiano'. Mwingine alisema karai hazilingani ukubwa, kwa hiyo 'kipimo' ndilo neno la haki. Mwanafunzi alijibu kwamba fundi hana kipimo, ana karai, na maadamu karai ni ileile moja ukubwa wake haudhuru. Mpaka makala haya yanakwenda kwa mchapaji, suala la 'kipimo' na 'karai' halijaamuliwa, naye amepewa hadi mwisho wa mwezi kuwasilisha kazi yake.